Kola za Sare na Mtihani wa Chiriku

Nyuma ya Soko la Vitambaa,
Mlango wa tatu, geti la kijani.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Nipe hali yako kwanza, ndipo nami nikupe yangu. Mgongo unaendeleaje? Ulisema daktari amekuzuia kuinua vitu vizito, na mimi nakujua, ukikatazwa jambo ndipo unalifanya mara mbili. Na baridi ya huko imepungua? Zile soksi za sufu nilizokufumia bado unazivaa au umekwishawagawia watu? Niambie ukweli tu, sitakasirika, nitafuma nyingine.

Sisi huku wazima. Presha yangu imetulia, magoti ndiyo yanaleta maneno nikikutana na ngazi. Shemeji yako kikohozi kimepungua ila hakijamwacha kabisa. Bado anatengeneza majokofu ya mtaa mzima, na la kwetu mlango wake unafungwa kwa kamba.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ninayo na salio limo. Lakini ninalotaka kukuambia linamhusu Chiriku, mwanangu na mwanao, na kuta za nyumba hii ni kama shuka, ukinong'ona chumba hiki, wa chumba kile anakujibu. Nimeona nikae na kalamu. Muuguzi anayepanga juu yetu ana mgeni anayerudi huko uliko Ijumaa, ndiye atakayekuletea. Mwandiko wangu unaujua, herufi kila moja inaelekea kwao. Vumilia, usome polepole.

Unajua kwamba Chiriku anataka kusomea shahada ya pili, mambo ya kusafisha maji, kwenye chuo hicho kilicho mwendo wa treni kutoka kwako. Profesa mmoja wa hapo alizisoma kazi zake akamwandikia mwenyewe, kwamba angependa kumchukua, na ana fungu la utafiti litakalomlipia ada. Siku hiyo tulirukaruka humu ndani mpaka muuguzi akagonga sakafu. Kumbe profesa ni mtu mmoja, na ofisi ya chuo ni mtu mwingine. Ofisi inataka mtihani. Kuna mtihani wa kompyuta wanaoufanya wote wanaoomba, na kwenye sehemu ya hesabu wanataka afikishe mia na sitini. Yeye mara ya kwanza alipata mia na hamsini na mbili.

Akaomba wamsubiri arudie. Wakamjibu kwamba watasubiri mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine. Na mkataba wake pale maabara ya maji unaisha mwezi huuhuu, wamekwishamwambia hawauongezi. Umeona palivyobana? Akikosa hapa, atakuwa hana masomo na hana kazi, atakaa na mimi akitoa nyuzi kwenye nguo za watu. Hakusoma miaka yote ile kwa ajili hiyo.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza, unanijua. Shule niliishia darasa la nne, nikabadilisha kalamu na sindano, lakini kuuliza sikuacha. Nikamuuliza, hizo mia na hamsini na mbili ni kati ya ngapi? Akasema mia na sabini. Nikamwambia, mbona ni nyingi hivyo, unalia nini?

"Mama, zinaanzia mia na thelathini."

"Zinaanzia vipi?"

"Hata ukikosa maswali yote, unapewa mia na thelathini."

Mdogo wangu, jambo hili nimelifikiria mpaka nimeunguza shati la mtu kwa pasi. Nani anagawa alama mia na thelathini za bure, na kwa nini asigawe mia kamili, hesabu ikawa nyepesi? Shemeji yako akasema labda ni za asante kwa kuja. Wewe uliyekaa na watu wa huko, waulize, uniambie.

Na kingine. Mtu anakwenda kusomea maji, lakini mtihani wenyewe haumuulizi habari za maji. Unamuuliza pembetatu. Unamuuliza baba ana miaka mingapi ikiwa mwanawe ana nusu yake. Nilipoona swali la mabomba mawili yanayojaza tangi nikafurahi, nikasema hili ni lako, hili litakupa alama zako zote. Kumbe hilo ndilo linalompotezea muda kuliko mengine! Anaanza kufikiria tangi la kweli, kwamba maji yakipanda bomba la chini linasukumwa nyuma, kwamba hakuna bomba linalotoa sawasawa kutwa nzima. Nikamwambia mwanangu, hilo ni bomba la kwenye karatasi, halina kutu, lijaze uende.

Halafu kuna hili la ajabu. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, kompyuta inakuletea kipande cha pili kigumu zaidi. Nikasema basi ukifanya vizuri unaadhibiwa? Akacheka, akasema hapana, maswali magumu ndiyo yenye alama kubwa. Hapo nikaelewa. Ni kama mteja akiona umemshonea gauni la nyumbani likamkaa vizuri, safari ya pili anakuletea kitambaa cha harusi. Unaogopa kukikata, lakini ni heshima.

Sasa nikwambie nilichokifanya.

Alipoanza kujiandaa mara ya pili nikajiambia, tatizo ni kelele. Mtoto anarudi kutoka maabara, nywele zinanuka klorini, anakaa mezani na kompyuta, na hapo hapo karibu yake mama anakanyaga cherehani tatatata, tatatata. Nani atapata hesabu katika ghasia hiyo? Nikaamua nyumba hii inyamaze. Sikumuuliza mwenyewe. Nilitaka iwe zawadi.

Cherehani nikaihamishia kwenye kibanda cha Gundi, yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Unamkumbuka Gundi? Jina lake la kweli nadhani hata mkewe kalisahau. Aliponisaidia kuibeba akaniuliza:

"Mama Chiriku, umefukuzwa kwako?"

"Nimejifukuza."

"Basi utanishonea suruali, ndiyo kodi ya hapa."

"Suruali nitaishikiza wapi, na wewe kiuno huna?"

Tukaishi hivyo, yeye anagonga visigino, mimi nashona, tunachokozana. Nyumbani nako nikaweka sheria. Redio izimwe. Bawaba za milango zitiwe mafuta. Chai ikorogwe bila kijiko kugusa kikombe. Na choo, maji yasivutwe mpaka mtoto apumzike. Shemeji yako akaizima redio, akaniuliza:

"Na kikohozi? Nikohoe au nimeze?"

"Meza."

Nikapanda juu kumwomba muuguzi atembee peku. Jioni yake akashuka na kitambaa kichwani, uso umeinama, akatupa pole. Alidhani tumefiwa.

Kila Jumamosi Chiriku alikuwa anafanya mtihani wa majaribio, uleule wa kompyuta, unaojikatia muda wenyewe. Jumamosi ya kwanza ya ukimya akapata mia na hamsini na tatu. Nikasema si haba, imeanza kupanda. Jumamosi iliyofuata, mia na hamsini na moja. Imeshuka! Nyumba imetulia kama ndani ya yai, baba wa watu anameza kikohozi, na alama zinashuka.

Nikamuuliza inakuwaje. Akanieleza kwamba si kwamba hajui. Jioni akikaa na maswali hayohayo bila saa anayamaliza yote na anayapata. Lakini muda ukiwepo, anaingia kwenye swali moja la katikati anazama humo, akija kushtuka saa imekwisha na maswali ya mwisho hajayaona hata sura. Kila mara anajiambia safari hii nitatoka mapema. Kila mara anazama.

Alikuwa ananieleza huku anakunja pindo la shuka la meza na kulikunjua. Na tangu siku hiyo akaacha kuongea. Chiriku! Yule aliyekuwa anaisimulia birika habari za maabara ikisubiri kuchemka. Anakula, anaosha sahani, anarudi mezani. Nikawa nauogopa ukimya wake kuliko alama zenyewe, na ukimya nilikuwa nimeuleta mimi, ingawa wakati huo sikujua.

Ikanyesha mvua. Kibanda cha Gundi kinavuja upande wa kwangu tu, ndivyo ninavyoamini, yeye anakataa. Nilikuwa na mashati ya sare ya shule nzima, mwalimu mkuu anayahitaji Jumatatu, yamebaki kola tupu. Sikuwa na la kufanya. Tukairudisha cherehani nyumbani tumeifunika turubai, na ilikuwa Jumamosi, mtoto yuko mezani na mtihani wake wa majaribio. Nikamwambia, mwanangu nisamehe, leo tia pamba masikioni, nina kola. Akasema haya mama, hata hakugeuka.

Nikashona. Kola baada ya kola, tatatata, nasimama, nageuza, tatatata. Nilikuwa nashona huku moyo unaniuma, najiona ninavyomharibia. Halafu nikamsikia anasema, polepole:

"Mama, nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Yote. Nimeyafikia yote."

Mia na hamsini na saba. Yeye akasema ni bahati, maswali ya leo yalikuwa mepesi. Shemeji yako akasema ni dua zake. Mimi nikarudi kwenye kola, lakini kitu kikaanza kuniwasha.

Jumatano yake akajaribu tena, mimi nikiwa hapohapo. Siku hiyo nilikuwa na suruali, ile mishono mirefu ya mguuni, unakanyaga tu bila kusimama. Akachelewa. Maswali ya mwisho hakuyaona. Nikajiuliza, je, ni kelele ndiyo inamfaa, au ni kola? Maana kelele ilikuwepo siku zote mbili. Nikawa kama mtu aliyepoteza bobini ya uzi wa chini na anajua kabisa imo humuhumu chumbani. Jumamosi nikaziweka suruali pembeni, ingawa mwenye nazo alikuwa amepita kuziulizia asubuhi, nikakaa na kola tu, za sare za shule nyingine. Akamaliza yote. Mia na hamsini na nane.

Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia nilichokuwa nafanya. Akaweka mikono kiunoni.

"Mama! Umenifanyia utafiti bila idhini yangu?"

"Idhini ya nini, na wewe umo ndani ya nyumba yangu?"

"Na siku ya suruali uliniacha nifeli?"

"Nilikuwa nataka kujua."

Akacheka, mdogo wangu. Akacheka akakaa chini, mara akaacha kucheka, akaniomba nishone kola moja anitazame. Nikashona. Naunganisha pande mbili, nasimama, napunguza ncha, nageuza, nasukuma pembe kwa ncha ya mkasi zikae kali, nakanyaga tena juu yake. Yeye kashika simu anapima. Muda wa kola moja unakaribiana sana na muda anaopewa kwa swali moja. Akafumba macho akaniomba nishone nyingine. Nilipofika pa kusimama, nikamwona kidole chake kinabonyeza meza. Akafumbua macho tukatazamana.

Akakumbuka kwamba tangu darasa la kwanza kazi za shule alikuwa anafanyia chini ya meza yangu ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa. Nikisimama kugeuza kola, naye anajua afungue ukurasa mwingine. Hakuna aliyemfundisha. Hata alipokuwa chuoni alikuwa anarudi jioni anasomea hapo karibu na cherehani, mpaka amemaliza. Hata mtihani wa mara ya kwanza, nilipohesabu vizuri, ni kipindi kile nilipolazwa kwa presha, cherehani imefunikwa. Kumbe mimi niliyetaka kumsaidia, nilibeba saa yake nikaipeleka kwa fundi viatu.

Shemeji yako alipoelezwa akauliza jambo moja tu:

"Kwa hiyo naruhusiwa kukohoa?"

"Kohoa."

Akakohoa kikohozi cha wiki tatu.

Lakini sasa ikaja kazi nyingine. Chumba cha mtihani hakina cherehani. Nikamuuliza, hawawezi kuniruhusu nikae kwenye kona hata na nguo ya mkono? Akasema mama, hata wewe mwenyewe hutaruhusiwa kuvuka mlango. Nikataka kuhakikisha. Jumatatu iliyopita tukaenda pamoja kulitazama jengo, ghorofa ya vioo, chini kuna duka la kutoa fotokopi. Mlangoni yupo mlinzi mwenye masharubu, mtu mpole. Nikamuuliza humo ndani kukoje.

Akanieleza kwamba mikoba inafungiwa kwenye makabati, mifuko inageuzwa nje, miwani inavuliwa inatazamwa kioo na fremu. Saa ya mkono hairuhusiwi. Kila mtu ana kijimeza chake chenye ukuta pembeni, kamera juu, na ukitaka kuna vitu vya kuvaa masikioni usisikie chochote.

"Na kelele zipo?" nikamuuliza.

"Za vidole kwenye kompyuta. Na mafua."

"Na mzazi anaweza kusubiri nje?"

"Barabara si yetu, mama."

Njia nzima ya kurudi Chiriku alitembea nyuma yangu kidogo. Nilimwona anatazama miguu ya watu. Tulipofika akaniomba nimpishe kwenye cherehani. Akakaa, bila uzi, bila kitambaa, akakanyaga. Akasimama. Akakanyaga. Halafu akavuta kiti mpaka mezani kwake, akaendelea kukanyaga sakafu, mguu wa kulia, kisigino na vidole, kola nzima bila kola. Akasema, "Mama, nitakanyaga mwenyewe."

Basi ndiyo mazoezi yetu. Mara mbili ameshindwa, mguu ulikimbia pamoja na mapigo ya moyo, akamaliza mapema mno na amekosea ovyo. Mara ya tatu ukatulia. Mimi sishoni akiwa anafanya, nimekaa kitandani na magoti yangu, nasikiliza kisigino chake kupitia huo ukuta wa shuka. Jana kapata mia na hamsini na tisa. Moja tu, mdogo wangu. Na nafasi ya kurudia ni moja, Alhamisi hii, baada ya hapo mwisho wa mwezi unafika kabla ya kiti kingine kupatikana.

Barua hii siifungi leo. Nitakwenda nayo kwenye mtihani.


Alhamisi, tarehe 13.
Nje ya jengo la mtihani.

Mdogo wangu, yumo ndani. Nimekaa kwenye kiukuta kifupi mbele ya duka la fotokopi, karatasi nimeiweka juu ya mkoba, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni zipu.

Asubuhi hakula, kanywa chai tu. Nilimpigia pasi shati lake la bluu, na kabla hajaingia nikamwuliza mlinzi jambo lililokuwa linaninyima raha: mtu akichezesha mguu chini ya meza, hawatasema anaibia?

Akanitazama. "Mama, humo ndani watu wanatetemeka mwili mzima. Mguu mmoja ni nini?"

Chiriku aliona aibu, akanivuta mkono, lakini nilimwona mabega yameshuka kidogo. Akageuza mifuko yake nje, myeupe yote miwili, mkoba wake akanipa mimi, akaingia.

Tangu hapo nimewatazama wanaotoka. Kijana mmoja katoka anacheka peke yake, sikujua kama ni furaha. Msichana mmoja kapita moja kwa moja na simu sikioni, anasema, "Baba, usiniulize." Nimejiuliza wote hawa wanatoka nyumba gani, na kila mmoja ana mama aliyefanya kosa gani. Nimejiuliza pia kama Chiriku kafika kipande cha pili, na kama ni kile kigumu, maana kikiwa rahisi ndiyo tumekwisha. Kutoka hapa nje huwezi kujua. Vioo vya jengo vinakuonyesha wewe mwenyewe tu, umekaa kwenye ukuta na barua.

Mlinzi kanitolea kiti. "Mama, leo huna swali?" Nimemwambia yamekwisha. Hakuamini.

Mlango umefunguka. Ni yeye, nakuja.

Nimerudi, mdogo wangu, na nakuandikia nimekaa hapohapo, yeye ananawa uso kwenye bomba la upande wa nyuma. Acha nikwambie kama ilivyokuwa.

Alitoka anatembea kama mtu aliyeamshwa. Nikasimama, magoti yakagoma, nikasimama tena. Macho yalikuwa mekundu. Nikajua basi.

"Vipi, mwanangu?"

"Kuna swali nimeliacha."

"Moja?"

"Nilikuwa nalijua, mama! Lile la kuchagua watu wa kamati, nalijua kama jina langu. Lilikuwa limejificha kidogo tu. Ningekaa nalo ningelipata. Mguu ukafika mwisho, nikaliacha, nikasonga mbele. Nikasema nitarudi, muda wa kurudi ukakosekana." Akaanza kulia, hapo barabarani, watu wa fotokopi wanatazama. "Nimeliacha linaniangalia."

Nikamshika tu. Ni mlinzi aliyeuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia saa:

"Binti, kioo cha kompyuta kimekuonyesha ngapi?"

"Mia na sitini na mbili," akasema, na kuendelea kulia.

Nikamtoa kifuani nikamtazama. "Rudia."

"Za awali, mama, watathibitisha. Mia na sitini na mbili. Lakini lile swali..."

"Achana na swali!" Nilipiga kelele, mdogo wangu, nimesahau niko wapi. Nilimkumbatia nikamwinua, mimi na magoti haya, mlinzi akashika kiti kisianguke. Watu wa fotokopi wakapiga makofi bila kujua ni ya nini. Chiriku akawa anacheka na kulia, ananieleza bado lile swali, jinsi lilivyokuwa, watu saba, kamati ya watatu, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, sielewi chochote.

Mlinzi akasema, "Mama, hata sasa huna swali?"

Nikasema ninalo. Nikamgeukia mwanangu nikamuuliza, "Unaondoka lini?"

Akaacha kulia. Akaniangalia.

"Mwezi wa tisa, mama."

Tangu mwanzo nimeuliza alama zinaanzia ngapi, nani anapanga maswali, miwani inavuliwaje, mguu unaruhusiwa au la. Hilo peke yake sikuliuliza. Nadhani nilijua kwamba jibu lipo, na sikutaka kulisikia.

Basi maswali yangu sasa nayaleta kwako, na haya unijibu kwa barua, si kwa simu, nataka niwe nayasoma mara nyingi. Kutoka kwako mpaka hicho chuo, treni inapita wapi? Mtu aliyekaa dirishani anaona nini, mashamba au viwanda? Nguo gani ya kuvaa mwezi wa tisa, na nianze kuishona lini? Watu wa huko ukiwasalimia wanaitikia? Yeye akishapata marafiki ataongea, lakini siku za mwanzo huwa anajikunja. Utamjua, anaanza kukunja pindo la kitu chochote kilicho karibu. Ukimwona hivyo usimuulize kitu, mpe sahani aoshe, ataanza mwenyewe.

Na wewe uwe unamwambia akupe habari za huko shuleni, kila kitu, hata usipoelewa. Mimi nimeona raha yake.

Nisalimie sana shemeji yangu, mwambie koti lake nimekwishalipatia kitambaa. Wabusu wale mapacha wangu, mmoja mashavu, mwingine paji la uso asije akalalamika kama safari ile. Msalimie na yule jirani yako bibi wa baiskeli, mwambie dada yako huku anamuulizia. Shemeji yako anakusalimu, na Gundi pia, ingawa hamjaonana miaka, anasema viatu ulivyomwachia bado anavitengeneza. Chiriku mwenyewe anatoka kunawa sasa hivi, anauliza naandika nini muda wote huu. Sijamwambia.

Mungu akufunike kwa wema wake wewe na wote walio chini ya paa lako, akunyooshe huo mgongo, na atujalie tuonane tukiwa bado tunapanda ngazi kwa miguu yetu.

Wako akupendaye kila ninapokumbuka na hata ninaposahau,

Dada yako,
Mama Chiriku.